Pole Tatu za Mama Daudi

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, wengine msikitini, wengine kwenye mfereji, Birmingham nilikwenda kufanya nini na mbona nilirudi bila hata sweta jipya. Nimeona niandike mara moja, anayejua kusoma amsomee mwenzake. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona nimerukaruka mnivumilie. Nanakili kutoka kwenye daftari langu la vipimo. Mbele kuna viuno na mabega yenu. Safari niliiandika kwa nyuma, daftari nimelipindua.

Mnamkumbuka Mama Daudi, yule Myahudi mwenye duka la magauni ya arusi hapa Nakuru. Nilimshonea miaka kumi na minne. Mtu mwema, sitaki kumpunja. Akinipa chai ananipa kikombe kama chake. Lakini mwaka ule gauni la binti wa Mzungu mmoja wa shamba liliungua siku mbili kabla ya arusi. Pasi ya makaa ilikutwa juu yake, imelala uso chini. Dukani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Mteja alipokuja kulichukua, Mama Daudi akamwambia ni mimi, akanifukuza mbele yake.

Baada ya wiki mbili aliniita nirudi kazini, akaniambia, "Pole, Zuhura."

Sasa ninyi mnajua. Pole hupewa hata aliyejikwaa njiani, na jiwe halina kosa. Aliyepewa pole akiwa moyo wake umetulia hujibu, nimeshapoa. Mimi sikujibu hivyo. Nilisema asante, nikakaa kwenye cherehani. Jina la Zuhura Pasi likanibaki, na wengine wenu mmeniita hilo hadi mwaka huu.

Na haki niiseme pande zote: mimi mwenyewe sina hakika ni nani aliyeiacha pasi ile. Nakumbuka nikiitia makaa. Sikumbuki nikiiweka chini. Hilo sikumwambia mtu, kwa sababu mkinionea huruma nilikuwa naipenda ile huruma.

Mama Daudi alihamia kwa mwanawe Uingereza. Mwaka huu wa sabini na tano, mwezi wa nane, Daudi akaniandikia. Mama yake aliugua sana, sasa ametoka hospitali, na ana neno la kuniambia kwa kinywa chake kabla ya Yom Kipur, siku yao kubwa ya kufunga na kutubu. Tiketi imo ndani ya bahasha. Siku ile niliijua, maana kila mwaka duka lilifungwa. Yeye mwenyewe aliwahi kunieleza kwamba makosa ya mtu na Mungu, Mungu husamehe siku hiyo. Lakini ya mtu na mtu hayafutiki mpaka uende kwa uliyemkosea. Barua ilisema siku inaingia Jumapili jua likizama na kutoka Jumatatu giza likishika, na mwisho wake ni kama lango linalofungwa. Nisichelewe.

Nilichelewa.

Nakuru mpaka Nairobi

Dada yangu Rukia alinisindikiza stesheni. Ilikuwa Ramadhani, mnakumbuka, akanifungia tende kwenye leso na kunikumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kula. Treni ilipoanza kusogea akanishika mkono dirishani, akasema, "Akikuomba radhi, usikimbilie kusema sawa. Mwache naye aanikwe juani kidogo."

Nilicheka. Lakini nikiwa mkweli, maneno yale yalinipendeza, na niliyarudia kichwani mpaka Naivasha kama mtu anayemumunya peremende.

Siku nzima Roma

Ndege sitaieleza, kila anayepanda huieleza na zote zinafanana. Niseme tu kwamba tulitua Roma kwa mapumziko ya saa moja, tukakaa siku moja na zaidi. Kitu fulani kwenye injini, walisema. Tuliketi kwenye ukumbi wenye viti vigumu, nami nikihesabu vidole: leo Jumamosi, nilipaswa kuwa nimekwisha kufika.

Chakula kilipoletwa kilikuwa tambi. Nilifurahi, nikasema kumbe na hawa Ramadhani wanaijua. Kisha nikaona zimemwagiwa nyanya. Nikafikiri wamezisahau sukari, nikamwita mhudumu na kumwonyesha kwa vidole, nyunyiza, nyunyiza. Akaleta jibini ya unga. Nikakataa, nikamwonyesha kikombe cha chai cha jirani. Alipoelewa alinitazama kwa huzuni, akaenda kumwita mwenzake aje ashuhudie. Wakasimama wawili, mikono nyuma, wakinitazama nikila tambi za sukari na nyanya. Sikuziona tamu, lakini baada ya usumbufu wote ule nilizimaliza. Nikaandika daftarini: siku moja ya kulipa.

Kijana wa shirika la ndege alijaribu kunipigia simu Birmingham. Haikushika.

London mpaka Digbeth

Jua la Jumapili lilizama nikiwa kwenye kiti cha uwanja wa London, nikingojea watu wa ndege watupe pa kulala. Nililiona kupitia kioo likishuka nyuma ya ndege zilizoegeshwa. Nikasema basi, siku imeingia, na mimi sijafika. Kama kulikuwa na neno, wakati wake umepita. Nilijiuliza kama nimefurahi. Nilikuta kuna sehemu yangu iliyofurahi, na nimeiandika hapa ili msije mkanisifu kupita kiasi.

Jumatatu asubuhi nilinuia saumu. Safari ilikuwa haijaisha, najua, lakini niliona vibaya kwenda kwa mtu aliyefunga hali mimi nimeshiba.

Basi la kwenda Birmingham liliharibika katikati ya njia. Moshi ukatoka nyuma, dereva akatushusha kwenye nyasi, tukatembea hadi kwenye mkahawa wa barabarani kungojea basi jingine. Njiani kisigino cha kiatu changu cha ngozi, kile kizuri cha Idi, kikang'oka. Nikavaa ndara za mpira nilizokuwa nazo za kuogea, na soksi, na buibui juu. Nilijiona kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Bibi mmoja wa Kiingereza aliyekaa karibu nami aliona kwamba sinywi chai wala sili. Nilimwambia nimefunga, kwa Kiingereza changu nikasema, "I am closed." Alitikisa kichwa kwa huruma, akatoa mkate wenye kitu katikati, umefungwa kwa karatasi, akaniwekea mapajani na kuupigapiga, kama kusema utakula ukifunguka. Kumrudishia ningeona haya. Nikautia mkobani pamoja na tende.

Digbeth mpaka Harborne

Saa nane mchana basi liliingia kituo cha Digbeth, mahali pa maghala na matofali meusi. Hakuna aliyenipokea. Nilipiga simu namba ya Daudi, ikalia peke yake. Nilingoja, nikapiga tena. Hapo nikasema kwa sauti, bila kujua nimesema, "Ewe Mola wangu, sasa niende wapi?"

Nyuma yangu mtu akajibu, "Sasa wewe nataka kwenda wapi, mama?"

Alikuwa Kalasinga, kilemba cha buluu, koti la kondakta wa basi, mkononi chupa ya chai. Harbans jina lake. Alizaliwa Kisumu, babake alikuwa fundi wa reli. Sasa anakaa Sparkhill na zamu yake ilikuwa imekwisha. Alisema hajaongea Kiswahili na mtu mzima tangu mwezi wa tano. Akaisoma bahasha ya Daudi, akasema Harborne ni mbali kidogo lakini atanifikisha, mke wake amezoea kumngoja.

Kuhusu sanduku langu tulibishana. Alitaka aliache kwa rafiki yake pale kituoni. Nilikataa.

"Mama naona mimi mwizi?"

Nikamwambia hapana, ila simjui.

"Vizuri. Hata mimi hapana jua wewe. Labda ndani ya sanduku iko simba." Akalibeba mwenyewe, akaliweka chini ya ngazi ya basi, akakaa juu yake njia nzima. Ukweli nilikuwa nimemdhania mwizi, na alijua, na hakunikasirikia. Niliona haya mpaka tukashuka.

Nyumba ya Daudi ilikuwa na pazia zimefungwa. Tuligonga. Mzungu wa jirani aliyekuwa akikata ua wake akamwambia Harbans kwamba wote wamekwenda sinagogi tangu asubuhi, kwa miguu, na yule bibi mzee naye amekwenda, amesimama kupumzika kwenye kila ukuta. Siku hiyo hawapandi gari wala hawagusi simu. Akaandika jina la mtaa wa sinagogi kwenye karatasi.

Tukageuza njia. Ndani ya basi nilimuuliza Harbans kama ataniona mjinga nikirudi Nakuru bila kuonana na mtu. Alifikiri kituo kizima. "Mama kwisha kuja mpaka hapa," akasema. "Kama narudi sasa, simba yako takula nani?"

Alinifikisha mlangoni, akasema sanduku analipeleka kwake Sparkhill, mke wake atakaa juu yake, na Daudi atanileta kesho kulichukua. Akaniandikia anwani kwenye tiketi ya basi.

Juu, walipo wanawake

Mlangoni kulikuwa na mzee wa Kiingereza, bawabu, si mmoja wao. Nilimpa bahasha, akaisoma, akanionyesha ngazi. Nilipita nikichungulia chini kwenye ukumbi. Wanaume wamejaa, wengine wamevaa kanzu nyeupe juu ya suti, wakiyumba na kusoma. Nikatazama miguu yao. Suti nzuri za sufu, na chini raba. Raba za turubai, za mchezo wa mpira. Nikasema masikini, kumbe nao hali zao si nzuri, wamebakiza suti tu.

Juu nako, wanawake wenye kofia na mikufu, wote ndara za kitambaa na raba. Nao wakatazama miguu yangu. Bibi mmoja akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa na kunipisha nafasi. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba siku ile viatu vya ngozi ni mwiko. Kisigino kilichong'oka kilinifanya nionekane mtu anayeijua dini yao kuliko wao.

Mama Daudi alikuwa mwisho wa benchi, kitambaa cheupe kichwani, amekonda mpaka pete inazunguka kidoleni. Aliponiona hakustuka. Alikiondoa kitabu kwenye nafasi iliyo kando yake, kama kwamba nafasi ile alikuwa ameniwekea tangu asubuhi.

"Zuhura. Wewe kuja."

Nikamwambia nimechelewa, siku ilikwisha kuingia jana. Akasema hapana, iko wazi bado, mpaka usiku ushike na pembe yao ya kufungia siku ipulizwe. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimefunga. Akanitazama, akakumbuka. "Ramadhani," akasema, na akatabasamu kidogo. Mwaka huu mfungo wetu na siku yao viliangukia pamoja.

Tulikaa. Chini walikuwa wakisoma makosa yao mfululizo, na kwa kila kosa wanajipiga kifuani taratibu kwa ngumi, mwanamume na mwanamke, tajiri na maskini, makosa yote hata yale ambayo nadhani hawakuyafanya. Mama Daudi naye alijipiga. Kila walipopumua kidogo aliniinamia na kunong'ona, kwa hiyo maneno yake yalinijia vipande vipande. Nayaunganisha.

Alisema alinikasirikia miaka mingi. Nikadhani sikusikia vizuri. Alinikasirikia mimi? Akahesabu kwa vidole. Mara ya kwanza dukani, mara ya pili stesheni siku aliyohama, mara ya tatu kwenye barua ya mwaka juzi. Sheria yao ni kwamba ukimkosea mtu umwombe mara tatu, na akikataa mara tatu, kosa linamgeukia yeye.

"Mimi sema pole mara tatu," akasema. "Wewe sema asante. Asante, asante, asante. Hapana samehe hata moja."

Kisha akanieleza ya hospitali. Palikuwa na nesi Mkenya, msichana wa Nyeri. Siku moja Mama Daudi alimmwagia chai mkononi, akamwambia pole. Yule nesi akacheka, akasema bibi, umeniunguza wewe, halafu unanipa pole kama aliyepita njia? Mama Daudi akamuuliza, pole si ndiyo ya kuomba? Nesi akamwambia hapana, pole ni ya kumwonea mtu huruma. Ukitaka kuomba lipo neno lake. Akamfundisha. Miaka thelathini alikaa Kenya akitumia lile moja.

Waliposoma tena alisoma. Walipotulia akafunga kitabu, akanigeukia mwili mzima.

"Zuhura, nisamehe."

Lilitoka safi, kila herufi mahali pake, katika Kiswahili chake chote neno pekee lililonyooka.

Nami nikamkumbuka Rukia. Nikamuuliza, "Kwa lipi?"

"Kwa pasi."

"Pasi uliiacha wewe?"

"Mimi hapana jua," akasema. "Ile siku mimi hapana jua. Leo mimi hapana jua. Lakini mimi sema ni wewe, kama mtu najua."

Miaka kumi na moja nilijiandaa kwa majibu mawili. Angesema ni mimi, ningesimama niondoke. Angesema ni yeye, ningerudi Nakuru na ushindi. Hili la tatu sikuwa nimeliandalia kitu, maana lilikuwa langu. Nilikuwa nimelificha mimi, na sasa nalisikia kinywani mwake.

"Hata mimi sijui," nikamwambia. Ninyi mnasoma sasa, lakini yeye ndiye mtu wa kwanza kulisikia.

Akaitikia kwa kichwa. Akangoja. Na mimi neno likakataa kutoka. Si kwamba nilimwanika juani. Wakati huo Rukia alikuwa amekwisha kunitoka akilini. Niliogopa kulisema kwa midomo tu, mahali pale, mbele ya watu wanaojipiga vifua. Chini taa zikawashwa.

Kwenye ukumbi wa chini

Madirisha yalipoanza kupoteza rangi niliona magharibi imefika. Kwetu kufuturu hakucheleweshwi, na kwao bado giza halijashika. Kufuturu mbele ya macho yake ningeona ukatili, kwa hiyo nilinong'ona narudi sasa hivi, nikashuka mpaka kwenye bomba lililo karibu na mlango. Nikatia mkono mkobani kutafuta tende.

Nikashika karatasi iliyolowa. Mkate wa yule bibi ulikuwa umefunguka, na kilichokuwa katikati nilikijua, maana Wazungu wa mashamba walikuwa wakikila hapa Nakuru. Nyama ya nguruwe, ya waridi, na ukingo wa mafuta.

Nilisimama pale na tende mkono mmoja na ile nyama mkono wa pili. Kwa karibu saa tatu nzima nilikuwa nimeipakata, ikigusa goti la Mama Daudi, ndani ya nyumba yake takatifu, siku yake takatifu, mimi mwenyewe nikiwa na saumu. Bawabu akanitazama. Nikamnyooshea. Akauliza kwa ishara kama ni kweli siutaki mkate; nikasema ni wako baba, nakuomba. Akatoka nao nje na kuula amekaa ukutani, kwa raha, na hakuna dhambi aliyoifanya.

Nikafungua kwa tende na maji ya bomba. Nikawaza. Mtu akiniuliza nitasema sikujua, na kweli sikujua. Naye hakujua kuhusu pasi. Haki ni kwamba hatulingani kabisa, kwa sababu mimi sikumsingizia mtu. Lakini pia sikuwa nimefungua karatasi nitazame, saa zote zile, kwa kuwa kutotazama kulikuwa rahisi. Na miaka kumi na moja nimefanya hivyo hivyo.

Nikapanda ngazi haraka. Watu wote walikuwa wamesimama, chini mlango wa sanduku la vitabu vyao umefunguliwa, na sauti zimepanda kama za watu wanaotaka kuingia kabla ya kufungiwa. Mama Daudi naye alisimama, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Nikamshika kiwiko.

"Mama Daudi, nisamehe," nikasema. "Nimeingia humu na nyama ya nguruwe. Ilikuwa mkobani. Sikujua."

Alinigeukia polepole. "Nguruwe? Hapa?"

"Nimempa bawabu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka, bila sauti, kitambaa mdomoni, mpaka yule bibi aliyenipisha akatugeukia. "Mimi samehe," akasema akipangusa macho. "Oh, Zuhura. Mimi samehe."

Akanipa rahisi hivyo, wala hakuniuliza kwa lipi. Basi neno langu, ambalo sikulivuta, likatoka lenyewe.

"Na mimi nimekusamehe."

Alinishika mkono, akageuka mbele, na tukasimama hivyo mpaka pembe ikalia, sauti moja ndefu, mbaya kidogo kama ya mnyama.

Ngazi

Watu walipeana mikono na kutafuta makoti yao. Nikafungua leso ya Rukia, nikampa Mama Daudi tende, akaila amefumba macho, akaweka kokwa kwenye mfuko wa koti. Daudi alikuwa akitungoja chini na raba zake, akipunga mkono kama mtoto.

Tulishuka kidogo kidogo, yeye ameniegemea. Kwenye ngazi ya tatu mguu wake ulimponyoka, akanikanyaga kidole, na ndara haina kinga.

"Pole," akasema.

Kisha akasimama, mkono mdomoni, amestuka kama mtu aliyevunja sahani ya mgeni. Akaanza kulitafuta lile neno la nesi. "Hapana. Ni... nisa..."

"Nimeshapoa, Mama Daudi," nikamwambia. "Shuka taratibu."